Muindi na Mkewe

Makongeni, Thika
12 Februari 2024

Kwa Bi. Hilda Muindi,
Mtunza Kumbukumbu, Ofisi ya Mji, Kwemkonge, Tanga

Habari ya huko? Mimi naitwa Ndinda Kivuva, katibu wa kamati ya udugu wa miji, upande wetu wa Thika na Ruiru. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha magunia, Eneo la Viwanda hapa Thika, kwenye mashine za kusokota, mpaka kifua kikakataa vumbi. Sasa nimestaafu na hii kamati ndiyo kazi yangu. Mwenyekiti wetu ni Bwana Kang'ethe wa Membley, Ruiru. Yeye anaongea na wakubwa, mimi naandika.

Kama unavyojua, kilichotuunganisha ni mkonge. Mkonge wa mashamba ya huku ulikatwa na watu waliotoka Ukambani kutafuta kazi, na wengine wao wakaendelea mbele mpaka Tanganyika, kukata mkonge wa kwenu. Bwana Kang'ethe anataka tutoe kijitabu cha familia hizo, kigawanywe siku ya kutia saini, mwezi wa saba, hapa Ruiru. Tumekubaliana pia tuandikiane kwa karatasi ili barua zenyewe zihifadhiwe. Hii naituma kwa basi la Tanga.

Kwenye orodha ya familia mliyotuma nimeona jina lako wewe mwenyewe. Muindi ni jina la huku kabisa. Naomba unieleze yote. Alikuja lini, na nani, aliishi vipi, alikufa lini. Hata vitu vidogo. Hasa hivyo vidogo.

Wako,
Ndinda Kivuva


Kwemkonge
4 Machi 2024

Dada Ndinda,

Shikamoo. Nimehesabu miaka yako ya kiwandani nikaona umenizidi.

Ndiyo, Muindi ni babu yangu mzaa baba. Alifika hapa mwaka 1937 na panga na blanketi moja. Alikata mkonge miaka minane, kisha akafanywa nyapara. Alimwoa bibi yetu Mariamu, binti wa Kibondei wa kijiji cha jirani, akabatizwa kwa ajili yake. Mtoto wao wa kwanza ni baba yangu, Danieli, aliyezaliwa 1940, na yu hai. Babu alifariki 1979 mimi nikiwa na miaka mitatu. Nakumbuka mikono yake tu. Ilikuwa na makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko.

Umeomba vitu vidogo. Baba anasema alikuwa hali chakula mpaka kila mtoto awe amekaa. Na akipumzika mchana, alilaza kichwa upande wa kaskazini, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Hata hivyo nina ombi, dada. Familia yetu usiitie kwenye kijitabu. Orodha ile niliiandaa kama mtumishi wa ofisi na isingekuwa haki kujiruka. Kitabu ni jambo jingine, kitasomwa na watu wengi. Sisi tumeishi hapa kimya, na tumeishi vizuri.

Wako katika kazi,
Hilda D. Muindi


Makongeni, Thika
20 Machi 2024

Dada Hilda,

Marahaba, ingawa huku kwetu hatuambiani hivyo na ilibidi nimwulize jirani wa Mombasa jibu lake ni nini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile ya kulaza kichwa kaskazini nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Ndiyo maana ombi lako limenichoma. Mbona mfiche mtu kama huyo? Au ni aibu kuitwa Mkamba? Kama ni hivyo niambie tu, sitakasirika, lakini nitaumia.

Bwana Kang'ethe amepata daftari la wafanyakazi la shamba lililokuwa kati ya Ruiru na Thika, shamba ambalo sasa ni nyumba tu kila mahali, mpaka huwezi kujua kulikuwa na mkonge. Wiki ijayo naenda kwake kulisoma. Familia zingine tulizo nazo ni jina tu na mwaka. Yenu ndiyo yenye mtu ndani. Tafadhali fikiria tena.

Na swali moja. Je, aliwahi kumtaja mtu yeyote aliyemwacha huku?

Ndinda Kivuva


Kwemkonge
15 Aprili 2024

Dada Ndinda,

Si aibu. Ukiwa mjini kwenu pengine huwezi kuona ninachokiona mimi ofisini kila siku, jinsi karatasi inavyoweza kumgeukia mtu.

Nimemwuliza baba. Anasema babu hakumtaja mtu, na wao walijifunza kutouliza.

Mwenyekiti wa upande wetu naye ameanza kuniuliza kwa nini jina langu limo kwenye orodha na halimo kwenye hadithi. Kwa hiyo andika hivi tu: Muindi, alifika 1937, alikuwa nyapara, alifariki 1979. Usiongeze, dada. Hata neno moja.

Hilda


Makongeni, Thika
22 Julai 2024

Dada Hilda,

Nilikutafuta kwa macho siku nzima pale ukumbini Ruiru. Wageni kutoka kwenu walikuwa tisa na wewe hukuwemo. Waliniambia ulibaki kwa sababu ya kazi. Sherehe ilikuwa nzuri. Walisaini, wakabadilishana kamba zilizosokotwa kwa mkonge wa pande zote mbili, na Bwana Kang'ethe akalia mbele ya watu, kitu ambacho sikutarajia. Wanarudi kwetu tena mwezi wa kumi, safari ya viwanda.

Nimewapa wageni nakala arobaini za kijitabu wawaletee. Ukurasa wa kumi na moja ni wenu. Nimeongeza kidogo tu, kwa sababu mwenyekiti alitaka kila hadithi iwe ya familia, sio ya mtu mmoja. Ukisoma utaona nimeandika kwa heshima.

Niandikie umeonaje.

Ndinda


Makongeni, Thika
12 Agosti 2024

Dada Hilda,

Sijapata jibu lako. Nimepiga simu ya ofisi, wakasema haupo, wakakata. Kuna nini? Unaumwa? Mzee Danieli yuko salama?

Ndinda


Kwemkonge
19 Agosti 2024

Kwa Bi. Ndinda Kivuva,

Usinipigie simu, wala ofisini wala nyumbani. Barua hii nimempa mtu wa basi mkononi.

Ukurasa wako wa kumi na moja unasema hivi, naunakili: "Mwaka 1937 Muindi na mkewe waliondoka Thika kwa miguu, wakatembea pamoja mpaka Tanganyika, ambako Mungu aliwajalia mtoto, Danieli."

Mwenzangu mmoja wa ofisini ambaye siku nyingi anakitaka kiti changu alikichukua kijitabu hicho akakipeleka kwa maafisa wa Uhamiaji. Niliitwa tarehe 1. Nimesimamishwa kazi mpaka uraia wangu uthibitishwe. Hati yangu ya kusafiria wameishika.

Nakueleza ili uelewe ulichoandika. Baba alizaliwa kabla ya uhuru. Ili awe raia kwa kuzaliwa, ilitakiwa angalau mzazi wake mmoja awe mzaliwa wa hapa. Mzazi huyo ni bibi Mariamu. Lakini bibi hakuwa na cheti, watu wa umri wake wote wamekufa, na daftari la ubatizo la miaka ile liliharibika kanisa lilipovuja. Hatukuwahi kuhitaji ushahidi kwa sababu hakuna aliyewahi kusema vinginevyo. Sasa yupo aliyesema, kwa maandishi, na mihuri ya miji miwili kwenye jalada.

Tarehe 8 walimwita baba. Ana miaka themanini na minne. Yule afisa hakuwa mkali, alikuwa kijana mpole, akamwuliza kwao ni wapi. Baba akajibu, "Hapa." Akaulizwa tena, kwa upole vilevile. Tangu siku ile baba hajatoka nje ya uzio wetu. Akisikia pikipiki inasimama barabarani anaingia chumbani.

Nilikuandikia wazi kwamba bibi alikuwa wa hapa. Nilikuandikia usiongeze neno. Nataka jibu moja tu: ulilitoa wapi neno hilo?

Hilda D. Muindi


Makongeni, Thika
23 Agosti 2024

Dada Hilda,

Sikujua. Naapa sikujua kitu kama hicho kinaweza kutokea. Ni maneno tu ya kupamba, ni kosa la kuandika kwa haraka. Nitatuma barua ya kamati kusema ni makosa ya uchapaji na mambo yataisha.

Pole sana. Mwambie mzee pole.

Ndinda


Kwemkonge
28 Agosti 2024

Mchapaji hawezi kumzulia mtu mke.

H.


Makongeni, Thika
2 Septemba 2024

Dada Hilda,

Umenijibu kwa sentensi moja na nimekaa nayo siku tatu. Sasa naandika ukweli. Ukimaliza kusoma, ufanye na mimi unavyotaka.

Baba yangu alikuwa anaitwa Kivuva Muindi. Ndilo jina ambalo sikukuandikia.

Nililelewa na susu yangu, mama ya baba, kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, kabla hazijabomolewa. Susu alituambia babu alikufa njiani akienda kutafuta kazi. Alisema hivyo kanisani, alisema hivyo kwa chifu, na alipopata shamba kule Matuu alisema hivyo ili aandikiwe kama mjane wa Muindi. Lakini nilikuwa mtoto wa kukaa karibu naye, na mara mbili nilimsikia akimwambia dada yake kwamba mtu aliyetoka Tanga alimwona Muindi mzima, ana watoto. Hakulia. Aliendelea kuchambua maharagwe.

Nilipoona jina lako kwenye orodha nilijua. Maswali yote niliyokuuliza kama katibu, nilikuwa nauliza kama mjukuu. Nilitaka uniambie kwamba alimtaja. Hata mara moja.

Kisha nikaenda Membley kusoma daftari. Jina lake limo, dada. Kwa Kiswahili ni hivi: Muindi Kaleli, ameondoka peke yake, mke na mtoto wamebaki, nyumba ya 14. Huyo mtoto ni baba yangu. Nililifunga daftari nikamwambia Bwana Kang'ethe hakuna cha maana.

Sikuweza kuandika kwamba alimwacha. Niliwaza wazee wa hapa Thika wanaomkumbuka susu, wakisoma. Wewe ulikuwa umenikataza kuongeza, mwenyekiti alikuwa anataka familia, nikaandika "na mkewe." Nikajiambia sio uongo sana, mke alikuwa naye. Kwa mawazo yangu niliyekuwa natembeza mpaka Tanganyika ni susu. Nilimpa safari aliyonyimwa. Bibi yako Mariamu sikumfikiria hata kidogo, na hilo ndilo kosa langu kubwa, kwa sababu nilimwondoa kwao na kumfanya mgeni kwa mstari mmoja.

Mtu aliyeondoka hapa peke yake hakufika huko na mke wa kutoka Ukambani. Daftari linasema hivyo. Nitalipata, na nitakula kiapo mbele ya wakili kwamba ukurasa wa kumi na moja ni uongo wangu.

Sitakuomba unisamehe katika barua hii.

Ndinda


Makongeni, Thika
16 Septemba 2024

Dada Hilda,

Ndani ya bahasha hii kuna vitu vitatu. Nakala ya ukurasa wa daftari, imegongwa muhuri na wakili. Kiapo changu, kurasa mbili. Na barua ya Bwana Kang'ethe kama mwenyekiti, inayosema kijitabu kimeondolewa na kwa nini. Nimeweka seti nyingine kwangu, isije ikapotea njiani.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu unaweza kuulizwa.

Nilianza Membley. Bwana Kang'ethe alinikaribisha chai, nikamwambia yote kabla sijaigusa. Alisema haiwezekani, wageni wanakuja mwezi ujao, kamati itaonekana ni ya watu wa ovyo, kaunti itatucheka. Halafu akaniuliza kama niliuona ule mstari siku ile nikaupita. Nikasema niliuona. Hapo ndipo aliponiambia kitu ambacho sikukijua, kwamba karani aliyeandika lile daftari ni babu yake mzaa mama.

"Mzee wangu aliandika ukweli," akasema, "na wewe umeufuta kwa kalamu ya kamati yangu."

Nilifikiri ananifukuza. Alienda ndani, akarudi na daftari kwenye mfuko wa unga, akachukua funguo za gari. Akaniendesha kutoka Ruiru mpaka mlangoni kwa wakili hapa Thika.

Wakili akasema kiapo kitakuwa na nguvu zaidi kama mtu mwingine wa familia atathibitisha. Kwa hivyo kabla ya kuapa nikaenda Matuu kwa kaka yangu, Kaleli. Yeye ndiye anayekaa kwenye shamba la susu, na yuko katikati ya kuligawa apate hati. Mahakamani ameshaandika kwamba Muindi alikufa mwaka 1937 akiacha mtoto mmoja tu. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Unaenda kuapa kwamba tuna ndugu," akasema.

"Naenda kuapa kwamba nilidanganya," nikamwambia.

"Ni kitu kimoja. Na hao ndugu watakuja na wakili wao."

Nilimwambia habari ya mzee Danieli na pikipiki. Aliinamisha kichwa, nikadhani amelainika. Kisha akasema nikitia saini, nisikanyage tena hapo, hata akifa. Wifi yangu alinisindikiza mpaka barabarani. Aliushika mkono wangu tu, akarudi.

Nilitia saini kesho yake, peke yangu.

Sasa nasubiri. Kila basi la Tanga likifika namwendea yule kijana wa mizigo, mpaka ameanza kunitikisia kichwa kwa mbali kabla sijamfikia.

Ndinda


Makongeni, Thika
9 Oktoba 2024

Dada Hilda,

Sijui kama bahasha ilifika. Ile seti nyingine ninayo. Ukiniambia niilete mwenyewe nitakuja, nikae hotelini, mwanitaka ofisini nije, hamnitaki nyumbani nisije. Wageni wenu wamefika hapa Thika tangu jana na hakuna anayetaka kuniambia lolote juu yako. Nikitaja jina lako wanauliza kuhusu mashine.

Ndinda


Kwemkonge
24 Oktoba 2024

Dada Ndinda,

Bahasha ilifika tarehe 21 Septemba. Sikukujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, na pia kwa sababu kila nilichotaka kukuandikia kilitegemea watu wengine.

Walikipokea kiapo chako. Walisema peke yake kisingetosha, kwa sababu aliyedanganya mara moja anaweza kudanganya mara mbili. Daftari ndilo lililowanyamazisha. Baada ya hapo walituma mtu kijijini kwa kina bibi Mariamu, wakapata kaburi la mama yake, na wajukuu wa kaka yake wakasema wanayoyajua. Juzi nimerudishiwa hati yangu. Kazini nimerudi, lakini wamenihamishia masijala ya ardhi. Kiti changu kile amekikalia yule yule. Nimeambiwa ni utaratibu wa kawaida.

Baba nilimsomea barua zako zote, pamoja na ile ya maharagwe. Alitaka nirudie. Akauliza kaka yake Kivuva alikuwa mtu wa namna gani, mrefu au mfupi, na alikufa lini. Sikujua hata kwamba ningepaswa kuyajua hayo. Jana alitoka mpaka barabarani, akasimama kidogo, akarudi.

Kuhusu shamba, mwambie kaka yako Kaleli kwamba baba hataki hata jiwe. Lakini nilipomwuliza baba kama yuko tayari kuandika na kutia saini kwamba hana haki yoyote ya urithi wa Muindi, akakataa. Amesema shamba hataki, ila hawezi kuandika kwamba hana baba. Sijui mtalifanyaje hilo.

Sijakusamehe, nadhani. Nikikaa kwenye meza hii mpya nakukasirikia karibu kila siku. Lakini nikikumbuka kwamba ulisaini peke yako, hasira inakosa pa kushika.

Sasa jambo lililonifanya niandike leo nisingoje. Tarehe 2 Novemba kanisani kwetu ni Siku ya Marehemu. Kila familia inapeleka karatasi ya majina ya watu wake, na padri anayasoma yote kwenye misa, hata kama ni saa nzima. Baba ndiye anayeandika yetu. Mwaka huu ameandika Muindi, ameandika Mariamu, ameandika Kivuva, kisha akaacha mstari mtupu, akaniita. Amesema haiwezekani waitwe hao wote na yeye aachwe tena.

Katika barua zako zote, umemwita susu. Anaitwa nani?

Hilda


Makongeni, Thika
26 Oktoba 2024

Dada Hilda,

Kijana wa basi ananingojea, yuko hapa na injini inawaka, kwa hivyo naandika nikiwa nimesimama.

Kavindu. Kavindu Nzioki. Alizaliwa Masii, mwaka haujulikani, na alikufa hapa Thika tarehe 6 Mei 1988.

Baba yangu Kivuva alikuwa mfupi, mweusi sana, na alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Alikufa 2003. Mwambie mzee nitamwandikia yeye mwenyewe barua, ya mambo hayo peke yake, ndefu.

Misa inaanza saa ngapi? Nataka kujua, ili na mimi huku wakati huo niwe nimesimama.

Wenu,
Ndinda Kivuva Muindi